Chama Kabla ya Leseni: Hotuba kwa Wataalamu wa Elektrolisisi wa Jimbo Letu

Mwenyekiti wa kikao, dada zangu na kaka zangu wa kazi, na ninyi wanafunzi mlioketi nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, kuundwa kwa chama cha kitaaluma cha wataalamu wa elektrolisisi katika jimbo letu. Nimeombwa pia nilizungumzie kwa Kiswahili, kwa sababu waliofika leo wametoka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura kabla ya kufika huku Marekani, na mambo ya katiba na kodi ni afadhali mtu ayaelewe kwanza katika lugha anayowazia. Wenzetu wasiosema Kiswahili watazisikia hoja hizi hizi katika kikao cha pamoja. Chama ninachokiombea si cha Waswahili wala cha Waafrika, bali ni cha kila mtu anayeshika sindano ya kuondoa unywele kwa umeme ndani ya mipaka ya jimbo hili.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimpokea mama mmoja wa makamo, mwenye ngozi nyeusi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiamka kabla ya watoto wake ili anyoe kidevu bila kuonekana. Nywele zake zilikuwa nene na zenye kujikunja, na unywele unaojikunja juu ya ngozi huwa umejipinda chini yake pia, kwa hiyo sindano iliyonyooka haifiki kwenye shina kwa urahisi. Mimi nilikuwa nimefunzwa kwa michoro ya vinyweleo vilivyosimama wima kama mirija. Nilipoona unywele hauachii, niliongeza nguvu ya umeme. Ulipoachia, nikahamia kwenye unywele wa jirani uliokaribiana nao mno, na nikaendelea hivyo kwa saa nzima. Baada ya siku chache kidevu kilijaa magaga, na magaga yalipobanduka yaliacha madoa meusi yaliyokaa kwa miezi. Mama yule hakunishtaki popote, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kunishtaki. Nami sikumwuliza mtu nilipokosea, kwa kuwa katika jimbo zima sikumjua mtaalamu hata mmoja ambaye ningeweza kumpigia simu bila kuona haya.

Muda mrefu baadaye, katika kozi niliyosafiri kuifuata jimbo jingine, ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kulieleza hakuzidi dakika kumi. Katika njia ya galvani, umeme wa mkondo mmoja hugeuza chumvi na maji yaliyomo ndani ya kinyweleo kuwa magadi makali, na kwa kuwa magadi hayo ni majimaji, hupenya hata pale ambapo kinyweleo kimepinda na sindano haiwezi kufuata. Katika thamolisisi, ambayo huunguza kwa joto, ni lazima ncha ya sindano iwe karibu kabisa na kile kinachokusudiwa kuharibiwa. Kwa hiyo unywele wa kujikunja mara nyingi hutaka galvani, au blendi inayounganisha njia zote mbili. Ngozi nyeusi, ambayo huacha doa kila inapochokozwa, hutaka nguvu ndogo, nafasi kati ya unywele na unywele, na subira ya wiki kadhaa kabla ya kurudi mahali pale pale. Aliyewahi kupata makovu yanayovimba huulizwa kabla ya sindano ya kwanza, na hujaribiwa mahali padogo pasipoonekana. Hakuna siri katika hayo yote. Wapo waliokuwa wakiyajua katika mji huu huu niliomo, saluni chache kutoka kwangu, na kilichokosekana ni mahali pa kukutana nao.

Naomba mlifikirie jambo hilo kwa makini, maana ndilo kiini cha maombi yangu. Kazi yetu ni kazi ya upweke. Mtaalamu wa elektrolisisi hufanya kazi katika chumba kimoja, chini ya taa moja, na mteja mmoja, mlango umefungwa ili kumsitiri mtu ambaye mara nyingi hajamwambia hata mume wake kwamba ana ndevu. Daktari katika hospitali hutazamwa na wauguzi, msusi katika saluni kubwa hutazamwa na wasusi wenzake, lakini sisi hatutazamwi na yeyote. Hata sheria ya taifa inatupita. Kanuni za mwaka 1991 kuhusu vimelea vinavyoambukizwa kwa damu, zinazodai chanjo ya homa ya ini aina ya B, glavu na vyombo maalumu vya kutupia sindano, zinamlinda mfanyakazi dhidi ya uzembe wa mwajiri wake. Mtu anayejiajiri mwenyewe bila kuajiri mwingine hayumo ndani yake, na wengi wetu ndio sisi. Basi katika jimbo ambalo halitoi leseni ya kazi hii, kama hili letu, usafi wa kibano changu unategemea dhamiri yangu peke yake, na dhamiri peke yake ni mkaguzi dhaifu saa kumi na mbili jioni mtu akiwa amechoka na mteja wa mwisho anasubiri.

Taaluma yenyewe si changa. Mwaka 1875 daktari wa macho wa St. Louis, Charles Michel, aliandika jinsi alivyotumia sindano na umeme wa betri kuharibu mashina ya kope zilizokuwa zikiota kuelekea ndani na kukwaruza mboni za wagonjwa wake. Nusu karne baadaye ikaja thamolisisi, na mwaka 1948 Arthur Hinkel na Henri St. Pierre wakapata hataza ya mashine ya blendi. Lakini katikati ya safari hiyo kuna jambo la aibu ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Katika miaka ya 1920, daktari mmoja wa New York aitwaye Albert Geyser alitangaza mashine ya Tricho, iliyoondoa nywele za usoni kwa eksirei, bila maumivu, na mashine hizo zikasambazwa katika saluni za urembo za miji mingi, zikiendeshwa na watu waliopewa mafunzo mafupi. Nywele zilianguka kweli. Kisha ngozi zikaanza kukunjamana, kuota vidonda, na kwa wanawake wengi, miaka mingi baadaye, saratani. Chama cha Madaktari cha Marekani kilipaza sauti mwaka 1929, na biashara ile ikaporomoka, ingawa madaktari walikuwa wangali wakionya juu ya eksirei za namna hiyo katika mwaka 1947. Mimi hujiuliza kila ninapoisoma habari hii kwa nini sauti iliyosikika ilikuwa ya madaktari. Waliokuwa wakiketi na wanawake wale kila wiki, waliokuwa wakiziona ngozi zao zikibadilika, ni watu wa saluni, na watu wa saluni hawakuwa na mahali pa kupeleka walichokiona. Kila mmoja aliona wateja wake wawili au watatu, akadhani ni bahati mbaya ya chumba chake.

Na leo hii tunaona nini vyumbani mwetu? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana tatizo la homoni liitwalo ovari zenye vifuko vingi, ambalo mara kwa mara huotesha ndevu, na kwamba wengi wao hawajui kama wanalo. Mtu wa kwanza kumwona mwanamke huyo mara nyingi si daktari. Ni mimi au wewe. Je, tunajua wakati wa kumwambia aende akapimwe? Tunaona pia watu waliotoka kwenye leza wakiwa na madoa, na wenye mvi ambao leza haikuwafaa kitu kwa sababu leza hutafuta rangi ya unywele. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huruhusu leza itangazwe kwamba inapunguza nywele kwa kudumu, ilhali elektrolisisi ndiyo inayotambuliwa kwa kuziondoa kwa kudumu. Tofauti ya maneno hayo mawili ni riziki yetu, na hakuna anayeieleza kwa umma wa jimbo hili kwa niaba yetu sote.

Sasa, chama kifanye nini? Nitasema wazi kwamba mimi sitaki chama kinachoanza kwa karamu, beji na picha ya viongozi. Kazi ya kwanza iwe kanuni moja ya usafi, iliyoandikwa kwa ukurasa mmoja au miwili, ambayo kila mwanachama anaitia sahihi na kuibandika ukutani mahali mteja anapoweza kuisoma. Sindano itumike kwa mtu mmoja mara moja na itupwe kwenye kopo gumu. Vibano vioshwe, kisha vichemshwe kwa mvuke wenye shinikizo, wala visichovywe tu kwenye dawa. Mashine ya mvuke ipimwe kwa vijidudu vya majaribio na matokeo yahifadhiwe. Mikono ioshwe kabla na baada ya glavu. Kisha kila mwanachama aweke daftari la kila mteja, lenye aina ya mkondo, nguvu, muda, na hali ya ngozi katika ziara iliyofuata. Kazi ya pili iwe kukutana, hata mara nne kwa mwaka, mtu alete kisa kilichomshinda na akieleze bila jina la mteja. Kama kikao cha namna hiyo kingekuwapo katika mwaka wangu wa pili, mama yule asingebeba madoa yale. Nasema hivyo nikiwa na hakika.

Kazi ya tatu ni kupokea malalamiko ya wateja, na hapa tusidanganyane. Chama cha hiari hakiwezi kumfungia mtu kazi. Wengi huchanganya chama na bodi ya jimbo, kwa hiyo nieleze kidogo. Bodi ni mkono wa serikali, nayo hutoa leseni na kuifuta, na mteja ndiye inayemtumikia. Chama ni mkusanyiko wetu wenyewe. Kinaweza kumsikiliza aliyeumizwa, kumwita mwanachama ajieleze, kumwonya, na mwisho kumwondoa kwenye orodha yake. Ni uwezo mdogo, lakini ukitumiwa kwa haki orodha hiyo itakuwa na thamani. Tukiutumia kwa upendeleo hata mara moja, tutakuwa tumelichafua jina letu wenyewe.

Naja kwenye jambo ambalo najua limewaleta baadhi yenu hapa. Nimesikia kwenye mazungumzo ya pembeni kwamba chama kitatusaidia kupanga bei, ili yule anayetoza nusu ya bei zetu alazimike kupandisha. Ndugu zangu, tukifanya hivyo tutakuwa tumevunja sheria ya nchi. Sheria ya Sherman ya mwaka 1890 inakataza washindani kukubaliana bei, na mtu asidhani kwamba neno taaluma linatukinga. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mume na mke, akina Goldfarb, waliotaka kununua nyumba huko Virginia na wakakuta hakuna wakili aliyewajibu aliyekuwa tayari kutoza chini ya ada iliyomo kwenye jedwali la chama cha mawakili. Mahakama ilisema jedwali lile ni upangaji wa bei, na kwamba wasomi wa sheria hawana msamaha. Kama mawakili hawakusamehewa, sisi tutasamehewa kwa lipi? Hata bodi ya serikali haisalimiki ikigeuka kuwa uzio wa wenye kazi: bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina iliwaandikia watu wasio madaktari waache kung'arisha meno, na mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ikakataa kuikinga, kwa kuwa waliotoa amri walikuwa washindani wa wale walioamriwa, na hapakuwa na afisa wa serikali aliyewasimamia. Kwa hiyo katika vikao vyetu bei isitajwe kabisa, na katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba haikutajwa. Wala tusikubaliane kumsusia muuza vifaa, au kugawana mitaa, au kumnyima mtu uanachama kwa sababu anatoza kidogo. Anayetoza kidogo na kibano chake ni safi ni mwenzetu.

Kuhusu leseni, maoni yangu ni kwamba tunaihitaji, lakini si kesho. Kampuni za bima zinazokubali kulipia elektrolisisi kwa sababu za kitabibu mara nyingi huuliza leseni ya mtoa huduma, na katika jimbo lisilo na leseni mtaalamu mzuri hubaki hana la kujibu, na mteja wake hulipa mfukoni. Hilo peke yake latosha kuwa sababu. Lakini angalieni jinsi majimbo yanavyotofautiana. California inadai saa 600 za masomo na imeiweka kazi hii chini ya bodi ya vinyozi na wasusi; Florida imeliweka baraza la elektrolisisi chini ya bodi ya madaktari. Mbunge wa jimbo letu akiamka kesho kutunga mswada, ataandika nini, na atamwuliza nani? Asipopata chama atawauliza wenye kliniki za leza, au wenye shule zinazouza saa za masomo. Tunaweza kujikuta tumewekewa idadi ya saa ambayo mama mwenye watoto watatu na kazi ya usiku hawezi kuimaliza, na mtihani wa lugha badala ya mtihani wa kazi, na waliofanya kazi hii kwa usalama kwa miaka 15 wakaambiwa waanze upya. Mimi naunga mkono mtihani mgumu wa usafi na wa anatomia ya ngozi, na napinga kwa moyo wote saa zinazoongezwa ili kufunga mlango nyuma yetu. Nisingependa chama hiki kiwe mlango huo.

Taratibu za kisheria zisiwatishe. Tunasajili shirika lisilo la faida kwa msajili wa jimbo, tunaandika katiba inayotaja akidi, muda wa uongozi na jinsi ya kumwondoa kiongozi, tunapata namba ya kodi ya taifa, na tunafungua akaunti ya benki yenye sahihi mbili. Kwa kodi, chama cha wenye biashara huangukia kifungu cha 501(c)(6), si kile cha 501(c)(3) cha mashirika ya hisani, kwa hiyo tusimwambie mtu kwamba mchango wake kwetu ni sadaka anayoweza kuikata kwenye kodi. Ada ya uanachama inaweza kuhesabiwa kuwa gharama ya biashara, isipokuwa sehemu inayokwenda kushawishi wabunge. Chama ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka hupeleka taarifa fupi tu kwa njia ya intaneti, lakini kisipoipeleka miaka 3 mfululizo hadhi yake hufutwa. Mweka hazina aliandike hilo kwenye kalenda siku atakayochaguliwa.

Tutakapokuwa tumesimama kwa miguu yetu, tuombe kushirikiana na chama cha taifa cha elektrolojia, ambacho kipo tangu mwaka 1958 na kina mtihani wa hiari unaompa mtu cheti cha CPE, yaani cha mtaalamu wa elektrolisisi aliyethibitishwa. Cheti hicho si leseni, na huhuishwa kila baada ya miaka 5 kwa kuonyesha saa za masomo ya kuendelea. Katika jimbo lisilo na leseni ndicho kipimo kilicho karibu zaidi, na ningependa fedha zetu za kwanza zisaidie wanachama kulipia mtihani huo kabla hatujafikiria ofisi.

Fedha hizo zitoke kwetu. Wengi wetu tumelelewa katika upatu na vikoba, tunajua kwamba kikundi cha watu kumi na wawili wanaolipa kwa wakati ni bora kuliko cha mia wanaoahidi. Tunajua pia jinsi vikundi hivyo vinavyovunjika, pale daftari linapokaa nyumbani kwa mtu mmoja na maswali yanapoanza kuonekana kama matusi. Kwa hiyo daftari la chama lisomwe kila kikao, mbele ya wote, hata kama limebeba dola 90.

Mwenyekiti, nina maombi matatu kwa kikao hiki, na nitayataja kisha nikae. Naomba tuchague sasa hivi katibu wa muda na watu wawili wa kumsaidia kuandika rasimu ya katiba. Naomba kila aliyepo aandike jina la mtaalamu mmoja wa jimbo hili ambaye hayupo hapa, awe msemaji wa lugha yoyote, ili aalikwe kwenye kikao cha pamoja kabla rasimu haijapigiwa kura. Na kanuni ya usafi niliyoitaja, nimeileta rasimu yake. Nakala ziko mezani kando ya birika la chai. Ichukueni, mkaisome chini ya taa zenu wenyewe pembeni ya vibano vyenu, na mniletee wiki ijayo kila mstari mnaouona si wa kweli au hauwezekani kwa mtu anayefanya kazi peke yake.